Marahaba za Sokoni

Umeme uliporudi, Salama alitazama kompyuta ya ushirika akashika mdomo. Namba ya siri ya kufungia ujumbe wa bei ilikuwa ile ile ya jana.

Programu aliyoiandika mwenyewe ilitunga namba kwa kufuata saa ya kompyuta, na saa yenyewe betri imekufa. Kila umeme ukikatika, inaanza upya pale pale. Dalali yeyote mjanja angeijua bei ya karoti za wakulima kabla ya mnunuzi.

Ilitakiwa namba itokane na kitu asichoweza kukibashiri mtu. Chini ya dirisha, akina mama wauza matunda damu, yale mekundu ya juisi, walikuwa wakipiga kelele, zile zile alizowagombezea asubuhi.

Akawasha kinasa sauti cha simu ili namba mpya itungwe kutokana na kelele hizo, akainyoosha simu nje.

“Mama zangu, ongezeni kelele!”

Soko zima likanyamaza. Mama mmoja akatua karai lake.

“Unatuamrisha hata salamu hakuna, mwanetu?”

Uso ukamwiva Salama. “Shikamooni!”

Marahaba zikapanda dirishani, hii ikiwahi, ile ikichelewa, nyingine ikikatwa na kicheko, na moja ikiuliza ataolewa lini.