Visanduku Viwili

Kando ya swali la ndoa niliandika "mgane". Karani akatabasamu, akalikata.

"Umekosea herufi, mzee. Mgeni utakuwa huko uendako."

"Mgane ni mwanamume aliyefiwa na mke," nikamwambia. Shule niliishia darasa la nne. Neno hilo nilifundishwa na cheti cha kifo.

"Basi fomu haina. Kuna ameoa na hajaoa. Ukichagua ameoa, watataka sahihi ya mke."

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikuwa amesimama nyuma yangu. Ndiye aliyenitafutia kazi hii ya kufagia maghala nchi za watu, maana tangu dada yake afariki nimekaa kibarazani mpaka nakaribia kuota mizizi.

"Weka hajaoa, shemeji," akaninong'oneza. "Ni karatasi tu."

Hospitalini nako ilikuwa karatasi tu. Ilikosa mhuri wa mkubwa, na mkubwa alikuwa mkutanini. Tukasubiri kwenye benchi mpaka mkono wa mke wangu ukapoa ndani ya mkono wangu. Mkutano uliendelea.

"Ishirini na miwili," nikasema.

"Nini, mzee?"

"Miaka tuliyoishi."

"Foleni ndefu, mzee wangu."

Kalamu yao wameifunga kamba mezani kama mbuzi, maskini wasije wakaondoka nayo. Kamba yenyewe fupi, na karani alikuwa ameishikilia fomu upande wake. Kisanduku cha hajaoa kilikuwa cha mwisho, mbali kabisa.

Nikainama.