Kura ya Mwaka Bora

Kampuni ya michezo ya kompyuta ya Tumbiri ilipoamua kubakiza michezo ya mwaka wake bora tu na kufuta mingine yote, kila nyumba ilipewa kura moja. Mume wangu Makame alitetea mwaka wa Ligi, mchezo wa soka. Mimi nilitaka mwaka wa Kisiwa. Humo marehemu binti yetu Rukia alijenga nyumba, na sauti yake hunipokea kila nikiingia.

“Basi mama Rukia, umeshinda,” alisema Makame, akaenda kupiga kura.

Leo Ligi imeshinda, na walioichagua wametumiwa jezi. Makame kavaa yake, imembana tumbo.

“Nilitaka upumzike,” ananiambia.

Kisiwa kitafutwa jioni hii. Nakifungua.

“Karibu mama,” anasema Rukia. “Baba yuko wapi?”

“Yupo, mwanangu. Amevaa jezi.”