Nani Anaiunguza Injini?

Uliiona. Usijifanye hukuiona. Ulipita getini pa zahanati, ukaiona pikipiki ya chanjo, bomba la moshi limegeuka buluu shingoni kama mwili uliovilia damu, ukatazama pembeni. Si yako, eti.

Dereva wake hakuwa na pembeni pa kutazama. Walimwita Oili, kwa sababu kila asubuhi, kabla hata ya kusalimia watu, alichomoa kijiti cha oili akakinusa. Alisugua tope kwenye mapezi ya injini kwa mswaki mkuukuu ili upepo upite. Na bado injini ilizidi kuungua.

"Siku injini ikikamata ikafa kabisa, na wewe umekwisha," mganga mkuu alimwambia huku akijipepea kwa faili. "Madereva wamejaa huko nje."

Ndipo Oili akaanza kuchunguza. Asubuhi alisambaza chanjo; mchana aliacha ufunguo ofisini, akaenda kula nyumbani. Akirudi anagusa injini: moto wa kubabua kidole. Lakini namba za kilomita hazijasogea hata moja.

Kuna mtu anachomoa waya wa mita, akawaza. Akachukua rangi ya kucha ya mkewe, akapaka pale waya unapofungwa, ili ukiguswa tu ajue. Kesho yake injini inatokota, rangi haina hata ufa.

Akamvaa mlinzi. "Babu, nani anaipanda pikipiki yangu?"

"Hakuna aliyeipanda, mjukuu wangu. Haki ya Mungu."

"Basi mbona inachemka?"

Mlinzi akatupa jicho mlangoni kwa mganga mkuu, akashusha sauti. "Labda ina homa. Si umeiegesha kwa daktari?"

Oili hakucheka. Mpwa wa mlinzi hana kazi, na leseni anayo. Juzi tu alikuwa getini akiulizia nafasi. Injini ya namna ile hupozwa na upepo wa mwendo. Iwashe, uiache imesimama, itajichoma yenyewe taratibu, na atakayefukuzwa ni dereva. Kumbe ndio mchezo wenyewe!

Mchana huo hakwenda kula. Alijibanza nyuma ya tangi la maji. Mara mlinzi huyo, ufunguo mkononi, anageuka huku na huku kama mwizi wa kuku. Hakuipanda. Aliisukuma, akazunguka nayo hadi nyuma, upande wa kina mama, ambako Oili hakuwahi kukanyaga. Akaiegesha kwa stendi kubwa, pua yake katikati ya pazia la chumba kisicho na dirisha. Akaiwasha, akarudi getini mbio.

Injini inanguruma. Taa kubwa inawaka mchana kweupe. Kitini hakuna mtu.

"Leo nimekupata, mzee," Oili alisema huku ameuma meno. Akachomoka, akazima, akautia ufunguo mfukoni. Injini ikanyamaza. Akashusha pumzi ambayo alikuwa ameibana wiki nzima.

Nyuma ya pazia chombo cha bati kikaanguka, na sauti ya mkunga ikapasua ukuta:

"Nani kazima taa? Kichwa cha mtoto kimeshatoka, sioni kitu! Wewe uliyesimama hapo nje, washa! Washa sasa hivi!"