Mwenza wa Kusoma

Siku hizi hupigi kura mpaka uyasome maswali ya utawala, na huyasomi peke yako: mtambo wa mtaa hukuchagulia mwenza. Mimi nilipangiwa bibi mmoja wa Korogwe anayesinzia. Mke wangu Saumu alipangiwa bwana mmoja, Shekue.

Kila jioni sura ya Shekue hujitokeza kwenye ukuta wa sebule yetu, na Saumu hukaa mbele yake akiwa amejifukiza udi. Nilimwambia ukuta haupitishi harufu. Akanijibu kwamba udi anajifukizia mwenyewe.

Juma lililopita walianza swali la pili. Nilijifanya napanga vikombe.

"Mtu anazaliwa anaikuta serikali, hakuna aliyemuuliza kama anaitaka," alisema Shekue. "Tunasema amekubali kwa kuwa yuko kimya. Dada Saumu, kimya ni ridhaa?"

Saumu hunijibu mimi upesi, hata kabla sijamaliza. Swali la yule bwana alilifikiria kidole kikiwa mdomoni, na macho yakimng'aa.

"Hilo nalo swali?" niliingilia. "Anayenyamaza amekubali. Wewe mwenyewe, shehe alipokuja chumbani kukuuliza kama unaniridhia, si ulinyamaza, na ndoa ikafungwa?"

Shekue aliinamisha macho. Saumu aligeuka akanitazama, kwa mara ya kwanza jioni ile, na wala hakuwa na hasira.

"Ni kweli, Baba Rukia," alisema. "Nilinyamaza."

Nilingoja aongeze neno, hata moja.

Akanyamaza.