Mteja Ameridhika

Kinyozi alipofika juu ya mteremko wa kwao alipiga honi, kama alivyofanya kila jioni. Honi yenyewe ilikohoa kama mbuzi mwenye mafua. Huko chini mkewe aliacha alichokuwa akifanya, akawapigia watoto kelele.

"Ondokeni barabarani! Baba anakuja!"

Watoto wakakimbilia ndani ya geti. Walishazoea.

Kinyozi aliteremka akikanyaga breki na kuachia, akikanyaga na kuachia, kama mtu anayejaza baiskeli upepo. Breki za gari lile zikishapata moto, pedeli ilizama mpaka sakafuni, na asiyejua kuipampu hivyo angejikuta ndani ya ukuta wa jirani, pale barabara inapoishia. Siku hiyo lilisimama bampa likiwa limeugusa ukuta.

"Iko siku utatuletea msiba hapa," mkewe alimwambia.

"Kesho nalirudisha. Waranti si ipo?"

Waranti ilikuwepo, ndiyo. Aliyekosekana ni wa kuiheshimu. Gari alilinunua kwenye yadi moja, likiwa limeshapita mikononi mwa wengine lakini linang'aa, na kwenye mapokezi ya yadi hiyo alikaa bwana mmoja mtanashati ambaye wateja walimbatiza Ondoa Shaka, kwa kuwa neno hilo halikubanduka mdomoni mwake.

"Ondoa shaka, bosi," alisema safari hii pia. "Mafundi wamelijaribu, halina kitu."

"Wamelijaribu wapi?"

"Si hapa hapa yadini."

"Hapa ni tambarare kama meza! Twende wote mpaka kwangu, halafu ule mteremko ushuke wewe."

Ondoa Shaka aliitazama saa yake. "Bima haituruhusu, bosi."

Hivyo ndivyo walivyomzungusha. Mara vipuri viko njiani, na lazima vilikuwa vinakuja kwa miguu. Mara gari lilale kwao wiki nzima, kisha arudishiwe limeoshwa tu. Siku nyingine fundi mkuu alimwambia, bila hata kuona haya, kwamba tatizo si breki, tatizo ni yeye ana mguu mzito. Kinyozi alirudi nyumbani siku hiyo na hasira zake, na kibanda chake cha kunyolea kilikuwa kimeshinda kimefungwa.

Lakini kinyozi ana bahati moja: anayekaa kwenye kiti chake hawezi kunyanyuka akiwa amenyolewa nusu kichwa. Basi kila aliyekaa alisimuliwa habari za yadi ile, mwanzo mpaka mwisho, mashine ikinguruma sikioni. Watu wakatoka na nywele safi na habari mbaya, wakazisambaza. Haukupita muda yadi wenyewe wakampigia simu.

Alikaribishwa kiti, akaletewa soda baridi.

"Tunakubadilishia gari, bosi," alisema Ondoa Shaka. "Tunakupa jingine, zima kabisa. Ila na wewe utusaidie kidogo. Tunarekodi wateja wetu walioridhika, tunawaweka mtandaoni. Maneno machache tu."

"Na hili langu?"

"Hilo ni la kuchinja. Tunalikata vipuri. Ondoa shaka."

Kinyozi alifikiria ule ukuta. Aliwafikiria watoto wanaokimbia kila wakisikia baba yao anarudi. Akasimama mbele ya simu waliyomwelekezea.

"Nimenunua gari hapa," alisema, "na sijawahi kupata shida hata siku moja."

Wakamwomba arudie, safari hii atabasamu. Akarudia, akatabasamu. Alijidharau njia nzima ya kurudi nyumbani.

Ila gari jipya lilisimama. Lilisimama kila alipotaka, kwa kugusa tu. Aliacha kupiga honi juu ya mteremko, na watoto wakaacha kukimbia. Kibandani alihamia kwenye habari za mpira. Mteja akimuuliza, "Vipi, wale watu wa yadi?" alijibu, "Ah, wako vizuri tu," kisha akaongeza sauti ya redio.

Jumapili moja alasiri gari lake lilikuwa uani, watoto wakicheza mpira nje ya geti, simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wake wa kike, muuguzi, mtu ambaye hanunui hata pasi bila kumuuliza anayemwamini.

"Kaka, usinikasirikie kwamba sikukushirikisha, nilitaka iwe sapraizi. Nimenunua gari! Tena kwenye yadi yako ile ile. Watu walinitisha na magari ya mkononi, nikawaambia kaka yangu simjui kwa uongo. Ile video yako nimeitazama mpaka nimeikariri. Linang'aa, kaka, wamelipiga rangi juzi tu! Mama nimemkalisha mbele, hata mkanda kafunga mwenyewe. Tuko hapa juu kwenu, tunateremka sasa hivi. Toka nje utuone!"

Kinyozi alitabasamu kwa shida, akanyanyuka.

Juu ya mteremko honi ikapigwa. Ikakohoa kama mbuzi mwenye mafua.

Mkewe alikuwa akianika nguo, wala hakugeuka. "Ondokeni barabarani!" aliwapigia watoto kelele. "Baba anakuja!"

Kisha akamwona mumewe, amesimama uani kando ya gari lao, simu mkononi.