Muda wa Mgeni

Siku hizi mgeni hupimiwa muda wa kukaa, hata awe mtoto wako wa kumzaa. Kipima muda cha ukutani kikimaliza kuhesabu, mlango hujifungua, na mgeni asipotoka huja kutolewa.

Binti yangu Raya alipokuja kutoka ng'ambo, nilipanda kigoda nikavuruga mipangilio ya kile kidude: mapigo manane yapite ndipo kihesabu moja.

"Mama, utafungwa!"

"Bibi niliyeishia darasa la nne? Nani atanishuku?"

Tukacheka, tukasengenya ukoo mzima, birika la kwanza likaisha. Babake alikuwa kitini pake, mpole ajabu.

"Leo hata hajanifokea," nikasema. "Ungekuja kila wiki."

Raya akamshika mkono. "Mama, mbona baba ni wa baridi hivi?"

Hapo nikakumbuka. Kifaa kinachoupigisha moyo wake hufuata mapigo ya kidude kilekile cha ukutani. Nikikirekebisha, mlango utafunguka papo hapo, maana muda wa Raya uliisha zamani, na kibali kingine hutolewa baada ya miaka.

Mzee alifumbua macho polepole, akayafumba.

"Ndivyo alivyo siku hizi," nikasema. "Maliza kwanza chai, mwanangu."