Mkate wa Watu Wawili

Oveni za siku hizi haziwaki kwa mtu mmoja. Lazima zisikie sauti mbili ndani ya nyumba, kwani umeme haupotezwi kwa mlaji mmoja. Anayeishi peke yake huletewa mkate uliokwisha kukatwa, usio na harufu.

Bi Kidawa hakuupenda mkate ule. Alipenda kukanda mwenyewe, unga umnate vidoleni mpaka ulainike, kisha afunue kitambaa akute umeumuka. Kila Ijumaa jirani yake Salha alikuja kusema "Nipo" mbele ya oveni, kama wazee wao walivyokwenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Lakini Salha alikuwa amehamia kwa mwanawe.

Ijumaa hii Bi Kidawa alikanda hivyo hivyo. Akasimama mbele ya oveni, akaona haya, akasema, "Nipo."

Kisha oveni ikajibu kwa upole, "Nami nipo."

Ikawaka.

Mkate ulipoiva, harufu ya hiliki ilishuka ngazi zote za ghorofa. Bi Kidawa alikata vipande viwili, kimoja akakiweka kwenye sahani mbele ya oveni.

"Karibu," alisema.

"Ahsante."

Mlango ukagongwa. "Hodi, jirani. Harufu ya mkate wako imenileta." Ilikuwa sauti ya mwanamke asiyemjua, labda mpangaji mpya.

Bi Kidawa aliinuka.

"Usifungue," ilisema oveni. "Tumeshatimia."

Hodi ya pili ikaja, na ya tatu. Bi Kidawa alikaa tena, akasikiliza kandambili zikirudi chini polepole.

"Kula," ikasema oveni. "Unapoa."